Fyuzi ya Mchanga ya Mzee Sakala

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na tatu. Hapana, nasema uongo. Ishirini na tatu ndio mwaka nilioanguka kwenye mtaro wa sokoni nikavunja meno mawili, na yule daktari wa meno alikuwa na taa inayowaka, kwa hiyo umeme ulikuwapo bado. Haya ninayosimulia ni ya ishirini na nne, mwaka ambao mvua ilikatika mwezi wa pili, mahindi yakakaukia shambani, bwawa likashuka, na umeme wa laini, ule wa nguzo, ukawa unakuja masaa matatu kwa siku, na siku nyingine unasahau njia kabisa. Mufulira nzima, mji wa mgodi wa shaba kule Zambia, ilikuwa inaongea habari za betri. Watu wakikutana hawaulizani tena kama watoto hawajambo. Wanaulizana, "Yako inafika asubuhi?"

Mtu ninayetaka kumsimulia ni Zakeyo Sakala, fundi umeme mstaafu wa mgodini. Alikuwa mfupi, na kofia yake ya sufu alifumiwa na dada yake tangu hajaoa. Alikuwa Mngoni wa upande wa Chipata, na aliingia mgodini mwaka sabini na nne, ana miaka kumi na tisa. Kazi yake kule chini ilikuwa kutunza zile treni ndogo za betri zinazovuta mabehewa ya mawe. Aliifanya miaka thelathini na miwili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Ukimwuliza viwili vimekwenda wapi, alisema, "Vimebaki kazini, vinanisubiria kiinua mgongo."

Katika mfuko wa koti alibeba fyuzi moja kuukuu ya kigae cheupe, nene kama gunzi dogo la mhindi. Wazee wengine hubeba ugoro, yeye alibeba hiyo. Ilikuwa imekwisha kuungua. Iliungua mwaka themanini na nane, treni ilipogonga ukuta na nyaya zikagusana, na watu wanane waliokuwa nyuma yake wakapanda juu jioni ile wakiwa wazima. "Hii ilikufa badala yao," alikuwa akisema, na kuirudisha mfukoni.

Sasa, mimi kazi yangu ilikuwa kusuka viti. Niliingia nchi ile na reli, nikiwa kijana, na sikutoka. Napita nyumba kwa nyumba, na nyumba niliyopenda kupumzika ni ya Baba Nkandu, kwa sababu alikuwa na bao zuri la mti wa mninga, na kwa sababu alikuwa hawezi tena kutoka. Alitoboa mwamba miaka ishirini na minane. Vumbi la mawe liliingia kifuani likakataa kuhama. Wakati huo alikuwa anaishi na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, inanguruma kama paka aliyeshiba, na mrija puani. Mashine ikizima, una dakika chache tu kabla midomo yake haijabadilika rangi. Akikaa bila hiyo nusu saa, hayupo.

Binti yake Nkandu, muuguzi kule Solwezi, alimnunulia baba yake inveta ya wati elfu tatu, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa ukutani, na betri zake. Duka moja la Kitwe likaja kufunga. Kati ya betri na inveta fundi wao akaweka breka ya ampea sitini na tatu, ile ile swichi ya kawaida ya ukutani inayojikata umeme ukizidi. Kila kitu cha nyumba kikapita hapo hapo: mashine ya baba, friji, taa, soketi zote.

Jumapili moja Mama Nkandu alikwenda kanisani, akatuacha sisi wazee na bao letu. Baba Nkandu akasema, "Babu, nina hamu ya chai." Mimi nikachomeka birika la umeme. Maji hayajapiga hata kelele, nikasikia *tak*, na nyumba ikanyamaza. Ile mashine ikaanza kulia kilio chake cha hatari. Nilichomoa birika, nikakimbilia ile breka, nikaipandisha, ikagoma, nikangoja, nikaipandisha tena. Mara ya nne ikashika. Mama Nkandu aliporudi alimkuta mumewe na midomo ya kijivu, na mimi nampepea kwa kitabu cha nyimbo.

"Kumetokea nini?"

"Imekatika tu, mama," nikasema. "Yenyewe."

Nilisema hivyo. Na Baba Nkandu alinitazama, akarudisha macho kwenye bao.

Basi Mama Nkandu aliichukia ile breka kama mtu anavyomchukia mwizi. Jumatatu akamwita yule fundi wa duka, akamwambia, "Toa kitu hiki. Nataka kisichokatika." Na yule fundi, badala ya kuuliza, akatoa breka akaweka ukanda wa shaba uliopindwa, akaukaza kwa bolti mbili. Akasema, "Mama, hii haikatiki mpaka kiama." Akapewa kuku.

Wiki mbili baadaye Sakala akasikia kwamba Baba Nkandu ana hali mbaya, akaja kumwona. Nyumba ile ilikuwa ya Wabemba, na Wabemba na Wangoni ni watani, kila mtu anajua. Walipigana zamani, wakabaki na deni la kuchekana, Mngoni kwa kula panya, Mbemba kwa kula nyani. Kwa hiyo Mama Nkandu alimpokea mlangoni kwa maneno.

"Karibu, mla panya. Leo tumefagia, hutapata kitu."

"Sikuja kwa chakula, mtani. Kwenu naogopa kukuta mkono wa nyani kwenye sufuria."

Wakacheka, akaingia, akaketi. Lakini baada ya muda nikaona pua yake inafanya kazi. Akainuka, akaenda pembeni kwenye betri, akagusa waya kwa mgongo wa mkono. Halafu akachungulia ule ukanda wa shaba, na sikupata kumwona amekunja uso namna ile.

"Nani ameweka hiki?"

"Fundi," akasema Mama Nkandu. "Na usikiguse."

"Mama, waya huu ni mwembamba, na una moto sasa hivi. Siku ukizidiwa hakuna cha kuuzuia. Utaungua hapa, chini ya pazia, na mtu wako yuko kitandani na hewa inayopenda moto."

"Breka ilikuwapo. Ilikatika, nikamkuta mume wangu anapanua mdomo kama samaki. Wewe unataka irudi?"

"Nataka fyuzi iliyo sawa."

"Fyuzi nayo inakatika au haikatiki?"

Sakala alikuwa mtu wa kweli. "Inakatika," akasema. "Ndiyo kazi yake."

"Basi kwaheri, mtani."

Akatutoa wote wawili, mimi na yeye, na kigoda changu mkononi. Njiani Sakala akatembea polepole, mikono nyuma.

"Babu, siku ile ilipokatika wewe ulikuwapo. Nini kilikuwa kimewashwa?"

"Sikumbuki," nikasema.

"Breka haina wazimu. Ikikatika, imeona kitu."

Nikatazama viatu vyangu. Siku tatu zilizofuata sikulala vizuri, na chakula kilikuwa kama karatasi. Nilijua kwamba mama yule anailinda hatari kwa mikono miwili kwa sababu ya neno langu moja.

Siku ya nne, Alhamisi asubuhi, nimekwisha kuruhusiwa kurudi, nimekaa kwa Baba Nkandu kwenye bao, tukasikia kilio barabarani. Kilio cha msiba, kile cha kuvuta. Majirani wakatoka. Alikuwa Sakala, amejifunga kanga ya marehemu mkewe kichwani juu ya kofia, amejipaka jivu, anakuja anayumba. Akafika mlangoni akajitupa chini.

"Mtani wangu ee! Umekwenda na moto, hata mfupa hawakutuachia!"

"Wewe Mngoni una akili?" akasema Mama Nkandu. "Unamlilia nani?"

"Namlilia Baba Nkandu."

"Baba Nkandu yuko ndani, anacheza bao."

"Najua. Nimekuja mapema. Siku yenyewe kutakuwa na watu wengi, mimi mfupi, sitaona."

Majirani wakaanza kucheka wakiwa wameziba midomo. Kule kwetu mtani akija msibani kufanya vituko hafukuzwi, na akilala mlangoni hakuna wa kumruka mpaka apewe anachodai. Hili kila mtu analijua. Ila hakuna aliyewahi kuona mtani anamlilia mtu aliye hai, na Mama Nkandu alisimama hajui sheria inasemaje. Kutoka kitandani tukasikia Baba Nkandu anacheka, kicheko chembamba cha mtu asiye na pumzi ya kutosha.

"Mpe anachotaka," akasema. "Analia vibaya, ananichafulia msiba wangu."

"Unataka nini?" akauliza mama.

"Jibu moja," akasema Sakala, bado amelala. "Siku ile nini kilikuwa kimewashwa?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa kanisani."

Hapo nikasimama. "Birika," nikasema. "Mimi, mama. Nilichemsha maji, ikakatika, nikakwambia imekatika yenyewe. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyemtuma," Baba Nkandu akasema. "Nilitaka chai."

Mama Nkandu akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua kuni. Nilingoja matusi. Akaketi kwenye kizingiti, miguu yake karibu na kichwa cha Sakala, akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe haikuwa uchawi," akasema. "Wiki tatu nasali juu ya breka."

"Si uchawi," akasema Sakala, akijifuta jivu. "Birika na vingine vilivuta zaidi ya ampea mia na kumi kwenye betri, na breka ile ilikuwa ya sitini na tatu. Ila pia ilikuwa breka isiyo ya mahali pale. Hiyo nayo nitakuonyesha."

"Sikiliza, mtani. Fanya unavyojua. Lakini mtu akichemsha maji nyumba hii, mashine ya mume wangu isizime. Ikizima, nitakulilia wewe, na sitakuwa natania."

Kesho yake nilifuatana na Sakala hadi Kitwe, soko la Chisokone, maana niliona ninadaiwa mwendo. Njiani alinifanyia hesabu, nami nikaiandika nyuma ya kile kitabu cha nyimbo. Wati elfu tatu, alisema, usigawe kwa volti ishirini na nne zilizoandikwa kwenye betri. Gawa kwa ishirini na mbili, kwa sababu betri ikichoka ndipo inapovutwa zaidi, kama mtumishi. Inatoka mia na thelathini na sita. Ongeza kinachopotea kwa joto, inafika mia na hamsini. Ongeza robo ili fyuzi isifanye kazi na roho mkononi, inakaribia mia na tisini. Fyuzi inayofuata juu yake ni ya mia mbili.

"Basi tununue ya mia mbili," nikasema.

"Bado. Sasa umwulize waya: wewe unabeba mia mbili? Fyuzi hailindi inveta, babu, inalinda waya. Ukiweka fyuzi nene kwenye waya mwembamba, waya unakuwa fyuzi." Waya uliokuwapo ulikuwa wa milimita za mraba kumi na sita. Tukanunua wa hamsini, kama ule wa wachomelea vyuma, mnene kama kidole changu.

Muuzaji wa fyuzi alikuwa na meza ndefu. Kwanza akatoa moja ya rangi ya dhahabu, ndani ya kioo, imeandikwa mia mbili. Sakala akaipima uzito kwenye kiganja akairudisha. Akatoa breka kubwa, nzuri, nyeusi. Sakala akainua miwani, akanionyesha alama ndogo pembeni mwa volti, kama kiwimbi.

"Kiwimbi ni umeme wa laini," akasema. "Umeme ule unapumua, mara mia kwa sekunde unasimama kidogo. Swichi ikifunguka, cheche inakufa pale unapopumua. Umeme wa betri haupumui. Ukifungua swichi ya kiwimbi kwenye betri, moto unasimama katikati kama nyoka, hautoki." Akainua mkono wa vidole vitatu. "Mtu alitoa swichi ofisini akaifunga kwenye treni yangu. Mimi ndiye niliyeifungua."

Alitaka alama ya umeme wa betri, ile ya mstari mnyoofu wenye vikato chini yake, na alitaka kigae kilichojaa mchanga. Akaanza kuzitikisa moja moja sikioni, kama mtu anunuaye nazi; ila nazi unataka isikike maji, na fyuzi unataka ikae kimya, maana ikichakacha mchanga haukujaa. Alitikisa kumi na nne.

"Mzee," akasema muuzaji, "unanunua fyuzi au unaposa?"

"Naposa. Nikikosea mke, nitalala peke yangu. Nikikosea hii, wataungua watu."

Alichukua mbili: moja ya kufunga, moja ya akiba. Akachukua na breka mbili ndogo za kiwimbi, moja ya ampea nne, moja ya ampea sita. Hizo ni za upande wa pili, umeme ukishatoka kwenye inveta, na huko mahali pake ndipo.

Jumamosi tulingoja umeme wa laini, kwa sababu mashine ya oksijeni ilibidi ichomekwe moja kwa moja ukutani wakati Sakala anafanya kazi. Nyaya alikuwa amekwisha kuzikata na kuzibana vichwa kwake, ili hapa iwe kukaza tu. Umeme ukaja saa nne kasoro. Sakala akavua koti, akavua pete, akaanza. Mama Nkandu alisimama mlangoni, mikono kwapani. Ule waya wa zamani ulipotoka, gamba lake la plastiki lilikuwa limegeuka kahawia, linavunjika kama ganda la yai. Sakala akampa mama aushike.

Fyuzi akaiweka shubiri moja tu kutoka kwenye betri, kwa sababu kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Njia ya mashine ya baba akaipa breka yake peke yake, ile ya nne, maana mashine ile haivuti hata ampea mbili. Friji na soketi zote akazipitisha kwenye ile ya sita. Alikuwa amebakiza bolti moja ya fyuzi, ukutani kukanyamaza. Umeme wa laini ulikuwa umekwenda. Haukumaliza hata saa moja.

Mashine ikaanza kulia.

"Sakala," akasema Mama Nkandu. Si kwa sauti kubwa.

"Nimesikia, mama."

Hakuharakisha. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Alizungusha spana kama anakaza saa ya ukutani, nami namtazama Baba Nkandu anavyovuta pumzi kwa mabega. Akakaza, akajaribu kwa kidole, akakaza tena kidogo. Akawasha. Inveta ikapiga mlio wake mmoja, na yule paka aliyeshiba akarudi kunguruma. Nadhani haikufika dakika moja. Baba Nkandu akainua kidole gumba, hakuwa na pumzi ya kusema.

"Sasa," akasema Sakala, "mama, chemsha maji."

"Sitaki."

"Chemsha. Ndiyo malipo yangu."

Alichomeka kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Friji inakwenda, pasi nayo tukaiwasha kwa ubishi. Tukangoja. Birika likaanza kuvuma, halafu *tak*, ile breka ya sita ikaanguka. Friji kimya. Pasi kimya. Birika kimya. Na kando ya kitanda, ngururu, ngururu, mashine haikujua hata kama kuna jambo.

Mama Nkandu alikaa chini sakafuni. Alicheka, halafu akajifuta macho kwa kanga, halafu akacheka tena. "Kumbe inakatika huku kwa ajili yake," akasema, "isikatike kwake."

"Umemaliza, mtani. Mimi sina la kuongeza, ila kuku."

"Yule fundi aliondoka na wa mwisho. Panya je?"

"Wa kuchoma?"

Alimpikia dagaa na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, akala ugali wa watu wawili. Mimi nilipewa kidogo kidogo, kwa adhabu, lakini nilipewa. Chai tulichemsha kwa mkaa. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilishindwa bao tatu mfululizo na sikujali.

Baada ya kula Baba Nkandu akaomba aione ile fyuzi ya mfukoni. Akaigeuza, akauliza ndani kuna nini kinachozima moto wa namna ile. Sakala akasema mchanga, lakini hii yenyewe hajawahi kuifungua, miaka thelathini na sita. Akafikiri. Akaomba nyundo, akaipasua juu ya kizingiti, taratibu, akaimimina kwenye sahani. Ulitoka mchanga mweupe, laini, safi. Na katikati yake, pale moto ulipopita, kijiti cha kioo cheusi chenye matundu. Mchanga umeyeyuka ukaushika moto ukaganda nao.

Baba Nkandu akachukua mchanga akausugua kati ya vidole, muda mrefu, kama mwanamke anayepima unga.

"Ni mwamba uliosagwa," akasema. "Huu ndio niliopumua."

Sakala akavua kofia. Alikaa nayo magotini.

Baba Nkandu alivuka mwaka ule, akavuka na mvua zilizofuata, na nilipoondoka Mufulira alikuwa bado ananishinda bao. Fyuzi haijakatika hata mara moja. Ya akiba inaning'inia msumarini pamoja na spana, na Mama Nkandu huifuta vumbi Jumamosi kama picha ya mtakatifu. Ile breka ya sita imeanguka mara nyingi, kila mgeni akichemsha maji, na kila ikianguka mama huitikia, "Asante, mtani."

Ila siku ile, mchanga ukiwa bado kwenye sahani, niliwauliza Sakala na Baba Nkandu jambo moja, na baadaye nimemwuliza muuzaji wa Chisokone, na Nkandu muuguzi, na mafundi wengi wenye miwani, na kila mmoja amenitazama akabadilisha mazungumzo. Niliuliza: wale watu, popote walipo, wanaosaga mwamba ule ukawa laini hivyo, wakaujaza kwenye vigae ili sisi tusiungue, wao wanapumua nini?